Kamanda na Vita Vikuu vya Herufi K

Njooni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja aje na hilo hilo! Zimeni redio, nyamazisheni watoto, na mwenye maji jikoni ayaache yachemke hadi yakauke, maana habari inayokuja ni nzito na mabega mepesi hayataibeba. Sikieni habari za vita ambavyo havikupigwa kwa mkuki wala kwa bunduki, bali kwa kidole gumba. Vita vilivyoanza mchana vikaisha mchana ule ule, vikaacha majeruhi mmoja tu, naye ni ukweli. Nawe gundi, mama wa mashikamano yote, unayeshika karatasi na ukuta, kiatu na soli yake, yashike na maneno haya yasibanduke kabla hayajafika mwisho.

Palikuwa na karakana nyuma ya maduka ya mbao, karakana ya kutengeneza vielelezo vya shule na zahanati: sikio kubwa kama kiti, moyo unaofunguka kama kabati, jicho la kubebwa na watu wawili kwenye machela. Na katika karakana hiyo palikuwa na nyapara mmoja aliyeitwa Kamanda. Hakuwahi kuongoza jeshi, wala mgambo, wala hata foleni ya maji. Jina hilo alijipa mwenyewe siku mama mkwe wake, mwenye karakana, alipomkabidhi funguo, na wafanyakazi wakalikubali kwa kuwa kubishana naye kungewachelewesha kula. Kamanda Mbeba Funguo! Kamanda Mnguruma Asubuhi! Kamanda Asiyeshika Chombo, ambaye mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, kwa sababu tangu apewe cheo hakuwa ameigusa plasta ila kwa kuinyooshea kidole.

Funguo zenyewe alizivaa kiunoni kama mfalme avaavyo upanga. Zilikuwa chache, na nyembamba, na hazikutoa mlio wa kutosha. Kwa hiyo alizifunga pamoja na kufuli kubwa la shaba, la mviringo, lililonona kama andazi, ambalo ufunguo wake ulipotea zamani na mlango wake ulishabomolewa. Kufuli lile halikufunga kitu chochote duniani. Kazi yake ilikuwa kulia. Kamanda akitembea, liligonga paja lake, na wafanyakazi wakajua anakuja, wakaanza kufanya kazi waliyokuwa wakiifanya tangu awali.

Lakini utawala wake ulikuwa umetikisika. Muda si mrefu uliopita, chini ya uongozi wake, lilitoka katika karakana ile jino kubwa la kufundishia, limesimamishwa mizizi ikiwa juu, na Kamanda akalipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno huku akihutubia njia nzima. Daktari alilitazama, akamtazama Kamanda, akalirudisha kwa gari lile lile. Ndipo Mama Karakana, mama mkwe wake, mwanamke mpole anayeongea taratibu na hafuti kauli, akamwita mbele ya watu wote.

"Mkwe wangu," alisema, "binti yangu umemwoa na mnaishi vizuri, Mungu awatunze. Hayo ni ya nyumbani. Lile jino lilikuwa la kazini, na limenitia aibu. Sasa tumepewa kazi ya kutengeneza mwezi wa plasta. Mwezi huu ukikataliwa, funguo hizo utampa Kijiko."

Kijiko ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa Mama Karakana, kijana mkubwa mnyamavu, shemeji yake Kamanda, aliyepata jina kwa sababu kazi zake zote alizifanya kwa kijiko kimoja cha chai kilichonolewa ukingo. Kusikia kwamba funguo zaweza kwenda kwa mtu wa kijiko, Kamanda alikosa usingizi. Usiku mzima aliziweka funguo chini ya mto, na mkewe akalalamika kwamba kufuli linamuumiza shingo.

Basi mwezi ukajengwa. Ulikuwa nusu ya mwezi, ule upande unaotutazama, umevimba juu ya ubao mpana kuliko mlango, nao ulilazwa kwenye meza katikati ya karakana. Kijiko aliyakwangua mashimo yake moja moja akifuata picha. Aliyeagiza kazi hiyo alikuwa mwalimu wa jumba la sayansi, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani ya kuonea mbali na kubeba nyingine ya kuonea karibu, ambaye karakana nzima ilimwita Bibi Miwani akiwa hayupo na Mwalimu akiwapo. Mwanzoni mwa kazi alikuja kuwaeleza utaratibu wa majina.

"Mashimo haya yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani," alisema. "Makubwa yamepewa majina ya wataalamu waliokwisha kufa. Madogo ni mengi mno kupewa kila moja jina lake. Kwa hiyo dogo huchukua jina la kubwa lililo karibu, likaongezewa herufi. Hata bonde au mlima jirani waweza kuchukua jina hilo hilo."

"Kumbe huko juu nako jina ni la mwenye nyumba," alisema Dada Gundi, aliyekuwa akibandika majina. "Wapangaji wote wanaitwa kwake."

"Ndiyo hivyo."

"Na dogo likiwa katikati ya makubwa mawili, Mwalimu?" aliuliza Kijiko. "Litaitwa kwa nani?"

"Tazama herufi. Herufi hubandikwa kwenye ule upande wa shimo dogo unaoelekea kwa mwenye jina. Ikielekea huku, ni la huku. Ikielekea kule, ni la kule."

Kamanda alikuwapo wakati huo, akitikisa kichwa kama mtu aliyeuumba mwezi mwenyewe na sasa anasikiliza kama wanafunzi wameelewa. Hakusikia hata neno moja. Alikuwa akitunga hotuba ya siku ya makabidhiano.

Majina ya wataalamu wale yalikuwa magumu, na ulimi wa karakana haukuyaweza. Kwa hiyo shimo moja kubwa, lenye kingo zilizosimama, likaitwa Sufuria, na jirani yake, pana lakini la kina kifupi, likaitwa Ungo. Watoto wa Sufuria walikuwa wengi, kuanzia Sufuria A na kuendelea. Watoto wa Ungo walikuwa wachache. Hata Bibi Miwani, aliyejua majina yote kwa ulimi ulionyooka, baada ya kukaa nao kidogo alianza kusema Sufuria.

Ikafika siku ya ukaguzi. Bibi Miwani alitarajiwa baada ya chakula cha mchana. Mwezi ulikuwa umekamilika, umenyunyiziwa vumbi la kijivu, na majina yamekaa mahali pake. Kipande kimoja tu, kati ya Sufuria na Ungo, kilikuwa bado laini, maana Kijiko alikuwa amekirekebisha asubuhi hiyo. Kazi iliyobaki ilikuwa kutokuugusa.

Lakini mashujaa hawajui kutokugusa! Kamanda alitaka ngazi. Ngazi ikaletwa. Akapanda hadi juu kabisa, mwezi ukiwa chini ya miguu yake, akakohoa, akanyoosha mkono wa kuume.

"Enyi watu wa plasta!" alianza. "Tazameni kazi ya akili yangu! Nani alisema mwezi uko juu? Leo mimi niko juu, mwezi uko chini! Wako waliosema Kamanda ameisha. Wako walioanza kuota funguo hizi. Nawaambia, funguo hizi hazitatoka kiunoni mwangu hadi—"

Hakumaliza, kwa sababu zilikuwa zimeshatoka.

Naam, ule uzi uliozishika, uliochoka kubeba kufuli lisilofunga kitu, ulikatika katikati ya kiapo. Shada lote likashuka, kufuli likiwa mbele kama jemadari na funguo nyembamba zikilifuata kama askari wasioulizwa, na kishindo kimoja kizito kikasikika kati ya Sufuria na Ungo. Vumbi likapanda. Vumbi likatua.

Wote wakasogea kutazama. Palikuwa na shimo.

Na lilikuwa shimo zuri, hilo lazima lisemwe! Lilikuwa la mviringo kamili. Ukingo wake ulikuwa umeinuka pande zote, na vumbi limetawanyika kutoka katikati kwa michirizi mirefu, kama miali. Mashimo mengine yote yalikwanguliwa kwa kijiko. Hili peke yake lilizaliwa kama yanavyozaliwa mashimo ya mwezi wa kweli, kwa kitu kizito kisicho na kazi kuanguka kutoka juu.

"Nani ameuweka mwezi hapa?" alinguruma Kamanda kutoka kwenye ngazi.

"Ulikuwa hapa tangu tuanze," alisema Dada Gundi. "Wewe ndiye mgeni."

Kamanda alishuka. Miguu yake ilikuwa mizito, na kiunoni mwake kulikuwa kwepesi mno. Akaziokota funguo, akazifunga kwa kipande cha waya, akalitazama shimo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuona mwezi kwa karibu, na haukumpendeza.

"Kijiko, shemeji yangu, damu ya mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, "lizibe."

"Nikiliziba sasa, Shemeji, litabaki jeupe katikati ya kijivu," alijibu Kijiko. "Litaonekana kama kiraka cha suruali. Linataka likauke ndipo nipake rangi, na Mwalimu anakuja sasa hivi. Tumwambie tu ukweli. Aone limeanguka kufuli, arudi kesho."

"Ukweli!" Kamanda aliruka kana kwamba amemwagiwa maji. "Unataka ukweli ili uchukue funguo!"

"Mimi? Nizipeleke wapi?"

Lakini Kamanda hakusikia, kwa sababu saa ile ile wazo lilimjia, na mawazo yalikuwa yakimjia kwa nadra sana kiasi kwamba yakifika yalimziba masikio. Akainua kidole.

"Shimo lisilo na jina ni kosa," alitangaza. "Shimo lenye jina ni elimu! Mwezi una mashimo mangapi? Nani anayeyajua yote? Lipewe herufi, likae na wenzake, na atakayelishuku kwanza athubutu kulisoma! Herufi gani imebaki?"

Kwenye karatasi ya herufi za kubandika ilikuwa imebaki K moja ya akiba, imejikunja pembeni.

"Basi niiweke kwa Ungo," alisema Dada Gundi, akichukua kibano. "Liko karibu zaidi na Ungo."

Kamanda alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Ungo? Shimo nililolichimba mimi, Kamanda, liwe mtoto wa Ungo? Ungo lenyewe lina watoto wangapi? Hata kina halina! Shimo langu litakaa katika nyumba ya Sufuria."

"Lakini Kamanda, Sufuria tayari lina—"

"Kimya! Vitani hakuna mjadala! Nipe hiyo gundi."

Dada Gundi alimpa. Akavuka mikono, akaegemea meza, akaacha vita viendelee.

Nani atasimulia vyote vilivyotokea kati ya mtu yule na herufi ile? Kwanza alimwaga gundi nyingi, ikafika kwenye kifundo cha mkono. Kisha K ikamshika kidole cha shahada. Akaivuta kwa gumba, ikamshika gumba. Akaivuta kwa meno, ikataka kubaki mdomoni. Kijiko alimletea kibano, akakikataa kwa kuwa ni silaha ya wanyonge. Alisonya, aliomba, aliahidi sadaka, jasho likamdondoka likachimba vishimo vingine vidogo ambavyo Kijiko alivifuta kimya kimya kwa kitambaa. Mwishowe K ilichoka naye, ikakubali kukaa: kwenye upande wa shimo unaoelekea Sufuria, juu ya dimbwi la gundi ambalo lingehitaji nusu siku kukauka. Kamanda alirudi nyuma, akashika kiuno, na wakati huo huo mlango ukafunguliwa.

Aliingia Mama Karakana, na nyuma yake Bibi Miwani akibeba begi la ramani na kioo cha kukuzia.

"Karibu, Mwalimu, karibu mama yangu," alisema Kamanda. "Mwezi wako ni huu, haujawahi kuguswa."

"Haujawahi kuguswa na nani?" aliuliza Mama Karakana.

"Na mtu yeyote, Mama."

"Basi umejitengeneza wenyewe. Haya, Mwalimu, tazama."

Bibi Miwani alivua miwani ya mbali, akavaa ya karibu, akaanza. Alizunguka meza polepole, akisoma majina kwa midomo bila sauti. Kila alipopita mahali bila kusimama, Kamanda alipata pumzi moja, na alipokaribia Sufuria zikaisha zote. Mwalimu akasimama.

"Eeh!" alisema. "Na hili?"

Kamanda alijisogeza mbele ya ngazi.

"Hili mmelifanyaje? Mama Karakana, njoo uone. Tazama ukingo ulivyoinuka. Tazama michirizi! Mengine ni mazuri, sikatai, lakini haya mengine yamekwanguliwa. Hili linaonekana kama jiwe limeanguka kweli."

Mtu mwenye busara angesema asante akanyamaza. Lakini sifa zilikuwa zimeingia masikioni mwa Kamanda kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu.

"Hilo, Mwalimu," alisema, akitoa kifua, "nililichimba mimi mwenyewe. Kwa pigo moja."

Dada Gundi alishikwa na kikohozi. Mama Karakana akageuza shingo taratibu.

"Wewe, mkwe wangu? Umeshika kijiko lini?"

"Sikutumia kijiko, Mama."

"Hilo naliamini," alisema Mama Karakana.

Na kwa kuwa shimo lilimpendeza, Bibi Miwani akainama kulitazama kwa kioo cha kukuzia, jambo ambalo hakuwa ameyafanyia mashimo mengine. "K, inaelekea Sufuria," alisoma. "Sufuria K." Akasogea upande wa pili wa Sufuria, akainama tena. "Na hapa nina Sufuria K." Akarudi. "Sufuria K hapa. Sufuria K pale. Mabwana, shimo haliwezi kuwa mahali pawili. Moja si la Sufuria. Lipi ni la uongo?"

Ah, saa ile! Mama Karakana alinyoosha mkono wake mbele ya mkwe wake, kiganja kikiangalia juu, akauacha hapo, mtupu, unasubiri. Kila mtu alijua unasubiri nini. Kamanda aliona funguo zikitoka. Alijiona anabisha hodi asubuhi ili afunguliwe na shemeji yake. Alisikia paja lake likitembea bila mlio. Mdomo wake ulifunguka kusema "Ni Kijiko," na jina la shemeji lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Lakini Kijiko alikuwa akimtazama, bila hasira, kwa uchovu tu, kama mtu anayesubiri mvua aliyoiona ikikusanyika tangu asubuhi. Jina likakwama. Si kwa wema, msije mkampa sifa isiyo yake. Aliogopa tu kwamba kijana atajibu.

Hapo akaamua kuifuta dhambi kwa mkono. Aliruka mbele, akauweka ule mkono laini kama wa mtoto juu ya K, akiwa na nia ya kuibandua na kuimeza ikibidi, mbele ya mashahidi. Lakini gundi ilikuwa ingali mbichi. Herufi haikubanduka. Iliteleza. Chini ya gumba la Kamanda ilishuka ukingo mmoja, ikavuka bonde la shimo, ikapanda ukingo wa pili, na hapo, gundi ilipokwisha, ikashika. Alipoinua mkono, K ilikuwa imekaa wima, safi, imelielekea Ungo.

Bibi Miwani aliinama. Akatazama K, akatazama Ungo, akakumbuka watoto wa Ungo wote kichwani mwake, na hakumkumbuka hata mmoja mwenye K.

"Ahaa!" alisema, uso ukachangamka. "Ungo K! Kumbe herufi ilikaa upande usio wake tu. Nilikuwa nashangaa mbona liko mbali hivyo na Sufuria. Sasa limekaa sawa." Akachungulia ramani yake. "Humu silioni, lakini ramani hii haionyeshi madogo yote. Ndiyo faida ya kuwa na utaratibu. Mtu ukijua utaratibu, shimo haliwezi kukudanganya."

Kijiko alitazama dari.

Ndivyo uongo ulivyopata baba kwa kuteleza upana wa kufuli. Mama Karakana alibaki na mkono wake hewani kwa muda, akimtazama mkwe wake kama mtu anayeonja mchuzi na kushindwa kujua kilichozidi. Kisha taratibu akaukunja mkono ule, akaurudisha ubavuni.

"Mwalimu, umekubali?"

"Nimekubali. Na jumba la sayansi linataka mwezi wa namna hii upelekwe kila shule ya mji. Toeni kalibu ya huu huu, mmiminie mingine humo. Msibadilishe hata shimo moja. Hasa lile."

"Basi funguo zibaki zilipo," alisema Mama Karakana, na wote wawili wakatoka kwenda kunywa chai.

Ndipo Kamanda akaitaka ngazi tena, na ikafichwa; akapanda juu ya ndoo. "Mmeona!" alinguruma, gundi ikiwa imekauka kwenye vidole vyake vyote. "Mlidhani nimeshindwa! Ule ulikuwa mtego! Nilimwacha adui aingie hadi katikati, ndipo nikahamisha jeshi zima kwa kidole kimoja! Kijiko, shemeji, nakusamehe. Najua uliziwania funguo hizi."

"Shemeji, kusema kweli sijawahi kuzitaka," alisema Kijiko. "Mama aliniuliza mwaka jana, nikakataa. Mwenye funguo ndiye anayeamka wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na mimi napenda kulala. Lakini hongera. Sasa fanya haraka unifungulie choo, nimejibana tangu Mwalimu alipovaa ile miwani ya pili."

Kamanda alishuka kwenye ndoo akaenda, kufuli likilia, kama aendavyo mshindi kupokea mji.

Basi andikeni, enyi waandishi wa mambo makuu, na mawe yakikosekana chongeni kwenye sabuni! Semeni kwamba aliishi mtu ambaye mwezi ulimwangukia mikononi, naye akauangukia mwezi. Mashimo mengine yote kule juu yalipiganiwa na mawe ya angani kwa vishindo vya kutisha, yakapata majina ya watu waliosoma hadi macho yakaisha. Yeye alilipata lake kwa uzi uliochakaa. Na leo, katika kila shule ya mji ule, watoto wanasimama mbele ya mwezi wa plasta, mwalimu ananyoosha fimbo kwenye shimo zuri kuliko yote, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Ungo K!" Anayekosea anarudia mara mbili.